Niliandika abstract kusifu "Alhamisi" yangu, kumbe ndiyo ilikuwa inafukuza wanawake

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Mimi humu huwa nasoma tu nyuzi za wenzangu na kucheka, siandiki. Leo naandika kwa sababu hili jambo limenikaa kifuani na hata bwana yangu siwezi kumwambia. Nitasema ukweli hata pale unaponiaibisha. Majina nimebadilisha na kituo changu sikitaji, kwa hivyo msianze kuuliza ni wapi.

Kiswahili changu ni cha shule na cha soko, nyumbani ni Kiembu. Walimu mlioko humu mnivumilie.

Mimi ni nesi kwa dispensary ndogo huko juu ya Runyenjes, pale kahawa inapoishia na majani chai yanapoanza. Nimekaa hapo miaka mingi, hadi wasichana niliowapokea leba wakizaliwa sasa wanakuja kliniki na mimba zao. Najua kila boma. Najua nani ana pressure na nani hamezi dawa. Watu huniita sista, wazee huniita daktari, na nilikuwa nafikiri wote wananipenda.

Siku moja Kinoti akanitumia link kwa WhatsApp. Kinoti tulisoma naye Meru, tulikuwa tukikaa nyumba za kukodi huko Kaaga, na sasa anafundisha manesi. Link ilikuwa ya conference ya upangaji uzazi na huduma za utoaji mimba. Walikuwa wanaomba watu watume abstracts.

Kwa wasiojua, abstract ni muhtasari wa utafiti wako, kama maneno mia tatu hivi. Ulitaka kujua nini, ulifanyaje, ulipata nini, na hiyo inamaanisha nini. Unaituma kwa mtandao, inasomwa na watu wasiojua jina lako, wakiipenda unaitwa uje uongee mbele ya wasomi ama ubandike poster ukutani.

Sasa hilo neno utoaji mimba, huku kwetu hulitamki ukiwa umesimama karibu na kanisa. Bwana yangu nilimwambia ni mkutano wa afya ya akina mama. Hapo kituoni, mama akija anavuja damu, iwe mimba imeharibika yenyewe ama imeharibiwa, tunamhudumia kwanza. Hatumuulizi ilianzaje. Hivyo ndivyo nilifunzwa na ndivyo nimefanya miaka yote.

Nikamwambia Kinoti mimi si msomi, nitaandika nini.

Akanijibu, "Andika ile kitu yako ya Alhamisi. Watu wanapeleka mambo madogo kuliko hiyo."

Wacha niwaeleze Alhamisi ni nini.

Siku yetu ya upangaji uzazi ilikuwa Alhamisi. Wengi wanatumia sindano ya miezi mitatu, na shida ya sindano ni tarehe. Mama ana ng'ombe, ana watoto, ana chai ya kuchuma, tarehe inapita. Kutuma message haifai kwa sababu simu ya mama mara nyingi mzee wake pia anaishika. Kwa hivyo nikaanza kuwakumbusha kwa mdomo.

Nilikuwa napitia pale wanapopimia majani chai jioni. Nikiona mama ambaye tarehe yake imekaribia, nampungia mkono nikitabasamu, namwambia, "Mama Murimi, Alhamisi." Basi. Neno moja. Sikutaja sindano wala uzazi. Sokoni hivyo hivyo, na baada ya ibada hivyo hivyo.

Nilijiona mjanja, wakuu. Nilijiona nimegundua dawa.

Na register ilinipa nguvu, maana wengi walikuwa wanarudi kwa tarehe. Nikaomba kibali cha kutumia register, nikapewa, nikaandika abstract yangu kwa lunch hour siku tatu mfululizo. Kuna sentensi moja nilikuwa naipenda sana, nilimsomea hata bwana yangu: "Njia hii ni rahisi, haina gharama, na inalinda siri ya mama."

Naomba mkumbuke hiyo sentensi.

Kinoti akaisoma akasema nzuri. Halafu akauliza swali moja. "Hapa umesema kuna tisa wamepotea. Wale wanaokagua watakuuliza walienda wapi. Una wiki mbili kabla ya deadline."

Kupotea, kwa lugha yetu ya kliniki, ni mama ambaye hakurudi na hamjui kwa nini. Unaandika hivyo kwa register na maisha yanaendelea. Mimi nilifikiri ni kazi ya siku moja. Pengine wawili wamehamia Mwea kwa mpunga, wengine wameamua kuzaa, nimalize hiyo laini nitume.

Nikaanza na Mama Murimi. Ana watoto watano, na tangu ajifungue wa mwisho hakuwahi kukosa tarehe hata moja. Halafu ghafla akanyamaza. Nilikuwa nimekutana naye sokoni mara mbili baada ya hapo na nikamwambia kwa sauti, "Umepotea sana wewe." Alicheka kidogo akaenda.

Nilienda kwake Jumanne, nikiwa na uniform na register kwapani.

Alikuwa anaanika maharagwe uani. Kuniona tu njiani akaacha maharagwe akaingia jikoni. Nikabaki na mama mkwe wake, Cucu mmoja, yaani nyanya, mkongwe lakini macho makali, amekaa kwa kiti kidogo. Nikamsalimia. Akanijibu vizuri. Akaangalia uniform, akaangalia register, akasema kwa upole kabisa:

"Daktari, leo ni Jumanne. Ile Alhamisi yako imehamishwa?"

Nikamuuliza, "Alhamisi gani, Cucu?"

"Ile ya kuzuia watoto. Si uliandika mwenyewe pale gate."

Wakuu, sikuweza kubisha. Kwa sababu ni kweli niliandika. Kwa mkono wangu, rangi ya bluu, bango pale gate la dispensary: Jumatatu chanjo, Jumatano wajawazito, ALHAMISI UPANGAJI UZAZI. Liko hapo miaka yote. Kila mtu anayeenda sokoni analipita, na hata asiyejua kusoma ameshasomewa. Mimi nilikuwa nimejitungia neno la siri, na maana yake nimeibandika barabarani.

Cucu hakuwa amekasirika. Aliendelea tu kama mtu anayeeleza habari za mvua. "Mtoto wangu alikuwa kwa laini ya kupima majani chai siku ile uliita bibi yake. Wanaume walimcheka. Wakamuuliza kwake nani anaamua watoto, ni yeye ama ni nesi."

Nilikuwa naona mkono wangu ule, nikipunga, natabasamu.

Mama Murimi akatoka na chai. Huku kwetu huwezi kumwacha mgeni aende bila kunywa kitu, hata kama hutaki kumwona. Nikainywa moto hivyo hivyo nikaaga. Akanisindikiza mpaka njia panda, na hapo ndipo alifungua mdomo, bila kuniangalia.

"Sista, ukitaka kuongea na mimi, kesho nauza avocado Embu. Kuja mtaa wa Majimbo, uliza butchery ya Mama Halima. Na usivae hiyo nguo."

Nikaomba off, nikaenda.

Mama Halima na bwana yake wanauza nyama. Ni Muislamu wa Embu hapa hapa, babu yake alikuja zamani na biashara ya ng'ombe, na ukimuuliza kabila anacheka tu. Alikuwa anakata mbavu nilipoingia. Akanawa mikono, akasema, "Karibu mama, keti. Wewe ndiye Alhamisi."

Hata Embu town wananijua hivyo.

Mama Murimi alikuwa ameshafika, amekaa kwa benchi ya nyuma pale watu wanakunywa supu. Mama Halima akainama chini ya kaunta akatoa mkebe wa biskuti, akaufungua mbele yangu. Ndani kulikuwa na kadi za kliniki, kila moja kwa karatasi yake ya plastiki. Nyingine zilikuwa za kliniki ya hapo Embu. Nyingine nilizijua mara moja, kwa sababu mwandiko ulikuwa wangu.

Kati ya majina yangu tisa, matano yalikuwa kwa huo mkebe.

Hawakuwa wamepotea. Walikuwa wanachuma avocado na ndizi zao, wanapanda gari hadi Embu siku ya kuuza, wanachukua kadi kwa butchery, wanadungwa sindano, wanarudisha kadi, wananunua nyama nusu kilo na kurudi nyumbani. Nyumbani hakuna kadi, na hakuna mtu wa kuwapungia mkono.

Nikamuuliza Mama Halima, na hata sasa naona haya kuwaambia niliuliza hivi, "Na tarehe unawakumbusha namna gani?"

Akanishangaa. "Kuwakumbusha? Hawa si watoto, mama. Kila mmoja anakuja na tarehe yake kichwani. Mimi kazi yangu ni kutunza mkebe na kufunga mdomo."

"Na kwa nini wakuamini wewe na mimi nimewazalisha?"

"Mimi siendi kanisani kwao. Harusi zao sialikwi, matanga yao siyajui. Hata nikitaka kusema, nitamwambia nani?"

Sisi manesi tuna methali moja tunapenda kuwachapa nayo akina mama: mficha uchi hazai. Fungua roho, sema shida yako, usaidiwe. Nimeisema mara ngapi sijui. Nilikaa pale kwa benchi nikaona wao uchi wao waliniletea, mimi ndiye niliutoa nje.

Halafu Mama Murimi akaniambia yake. Aliongea polepole, Kiembu na Kiswahili, akikunja na kukunjua leso yake.

Siku ile nilimwita kwa laini ya majani chai, bwana yake hakusema kitu hadi wakafika nyumbani. Hakumpiga. Alimwambia tu, ukienda huko tena, ulale huko huko kwa nesi. Akaichukua kadi akaiweka kwa moto mbele ya watoto. Kwa hivyo Mama Murimi akaacha. Miezi ikapita, akapata mimba. Mtoto wake wa mwisho alikuwa bado ananyonya na yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa presha. Kuja kwangu akaogopa.

"Ningekuja kwako," aliniambia, "na jioni ungeniona sokoni ungenipungia tena."

Akaenda kwa mtu. Sitaeleza alipewa nini, kwa sababu humu kuna watoto wa watu wanasoma. Aliumwa siku mbili shambani akijificha kati ya mistari ya chai. Siku ya tatu akaanguka. Jirani akamweka kwa pick-up ya maziwa, katikati ya mitungi, hadi Embu. Anasema alipofika hospitali nesi aliyempokea hakumuuliza swali hata moja. Alimshika mkono tu, na hakumjua jina. Mama Murimi alisema hilo la mwisho kama kitu kizuri.

Alipona. Hapo hospitali ndipo alikutana na mwanamke aliyemwelekeza kwa Mama Halima.

Wakati huo wote, kwa register yangu, safi kabisa, nilikuwa nimeandika amepotea.

Wueh. Mimi nimeshika watu wakifa, mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini siku hiyo nililia kwa butchery mbele ya wateja. Mama Halima akafunga mlango nusu akaniletea maji. Mama Murimi hakunibembeleza. Alingoja nimalize.

Nikamwomba msamaha. Akauliza, "Wewe ulikuwa unataka kuandika nini?"

Nikatoa simu nikamsomea abstract, natafsiri nikienda. Nikafika pale kwa inalinda siri ya mama. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akacheka, akamwangalia Mama Halima, naye akacheka. Walicheka mpaka mimi mwenyewe nikataka kucheka na nikashindwa.

Tunasema wema hauozi. Wangu ulikuwa umeoza zamani na mimi nilikuwa naupeleka conference.

Nikamwambia nitaifuta, nisitume chochote. Akakataa. Akasema niandike, lakini asiwe yeye. Nisimweke mume, wala mimba, wala chai. "Andika wewe," akasema. "Wewe ndiye ulikuwa unaita."

Na akaongeza jambo moja. "Kutoka leo tukikutana usinisalimie. Hata kidogo. Pita."

Mnaotoka huku mnajua uzito wa hiyo kitu. Huku ukimpita mtu bila salamu mmekosana, na kijiji kizima kitataka kujua kwa nini. Nikamwambia watu watasema tumegombana. Akasema, "Wacha waseme. Mtu akikuchukia hawezi kuwa mgonjwa wako."

Nilimpigia Kinoti nikiwa bado Majimbo. Akaniambia habari ya Mama Murimi haiwezi kuingia hata akikubali, maana kibali changu ni cha register peke yake, na mtu hageuzwi utafiti kwa benchi ya butchery. Lakini mambo niliyofanya mimi ni yangu, naweza kuyasema. Akanionya pia kwamba wakubwa wangu wakiisoma hawatafurahi.

Nikaandika upya. Niliandika kwamba nesi mmoja alikuwa anawakumbusha wanawake hadharani, akaamini analinda siri yao. Kwamba kuhesabu waliorudi pekee kulimfanya ajione amefaulu. Kwamba waliopotea ndio walikuwa wanamjibu, na yeye hakuwa anawasikia. Ile sentensi niliyoipenda niliitoa. Mkubwa wangu nilimwonyesha kabla ya kutuma. Akauliza, "Una uhakika unataka jina lako hapa?" Nikasema ndiyo. Nikatuma saa saba mchana siku ya mwisho, portal inazunguka.

Wiki kadhaa baadaye jibu likaja. Imekubaliwa, poster. Nilifurahi kama dakika tano hivi, halafu nikakumbuka ni poster ya nini.

Kituoni nilipaka bango rangi nyeupe. Sasa upangaji uzazi ni siku yoyote, chumba kimoja na homa na kikohozi, na hakuna mtu anajua mwenzake amekuja kwa nini. Kadi tunazitunza sisi kwa wale wanaotaka. Mama mmoja kati ya wale tisa amerudi. Mama Murimi hajarudi, bado anaenda Embu, na sijamuuliza.

Sasa sikieni mwisho wake.

Tulianza kupitana. Sokoni napita, anapita. Kanisani anakaa kulia, mimi nahamia kushoto. Haikuchukua mwezi, kijiji kikaanza. Wengine walisema nilimwibia kuku. Na kwa vile kwetu watu waliokosana hawakubaliwi kufika meza ya Bwana mpaka wapatane, akina mama wa kanisa wakatuita wote wawili baada ya ibada. Tukawekwa viti vikiangaliana, wao wamekaa pande zote mbili, Biblia kwa magoti.

Wakaniuliza kama nimemkosea Mama Murimi.

Nikasema ndiyo. Nilimkosea sana.

Wakauliza nilimkosea nini.

Nikasema sitasema.

Wakanibana. Mwenyekiti akasema kosa lisilotajwa haliwezi kusamehewa. Nikasema basi lisisamehewe, lakini sitalitaja, hata mkinifungia meza mwaka mzima. Miaka yote nimekaa hapo ni mara ya kwanza nilikuwa nimekataa kuongea.

Wakamgeukia yeye. Alikuwa anaangalia sakafu. Akasema, "Mimi sijamsamehe bado. Siku nikimsamehe nitawaambia." Akachukua kiondo chake akatoka.

Mpaka leo tumefungiwa meza, mimi na yeye.

Wakuu, funzo langu ni dogo na nimelilipia ghali, au tuseme nimemlipisha mwingine. Ukihesabu wanaorudi, hesabu pia wanaokukimbia, na usikimbilie kusema wamepotea. Na ukimpenda mtu, muulize kwanza kama anataka kupendwa kwa sauti.

Manesi, clinical officers na nyinyi mnaofanya utafiti mlioko humu, ningeomba kusikia yenu. Nyinyi mnawafuata aje wale hawarudi, bila kuwamaliza? Na akina baba mliokuwa kwa laini kama ile, hebu semeni ukweli, mlicheka ama mlinyamaza? Nitasoma zote, hata matusi.

NB: Kabla ya kuweka uzi huu nilienda Majimbo nikamsomea Mama Murimi neno kwa neno, pale kwa benchi ya nyuma. Aliniambia nibadilishe mambo matatu, nimebadilisha, na hamtayajua. Nilipofika kwa sehemu ya kanisani, kwa yale maneno yake kwamba hajanisamehe, nilisimama nikamuuliza kama alikuwa anatuficha sisi wawili ama alikuwa anasema kweli. Alikuwa ametoa kadi yake kwa mkebe, anaangalia tarehe.

Akasema, "Iache hivyo hivyo."